Mrejesho: Mustang ya 1968 iliyopauka rangi

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza namna ya kufufua rangi nyekundu ya gari langu, Mustang ya 1968, hapa Texas. Jua lilikuwa limeipausha hadi ikawa ya waridi, ukipitisha kiganja kinatoka na unga.

Mlioniambia nipime kwanza kwa kitambaa cheupe chenye polishi, asanteni sana. Kilitoka chekundu, yaani ni rangi ya zamani isiyo na klia (ule mpako angavu wa kuikinga) juu. Kwa hiyo msasa sikuugusa. Niliosha, nikapitisha udongo wa kusafishia bodi, kisha nikapaka polishi ya mafuta kwa wingi na kuiacha usiku kucha rangi inywe. Asubuhi nikafuta, nikapiga mashine ya kung'arishia kwa sponji laini, mwendo mdogo, nikamalizia na waksi.

Milango na madigadi vimerudi vyekundu kabisa, unajiona sura. Boneti imegoma: katikati praima (rangi ya msingi iliyo chini) ilishaanza kuchungulia, na hapo polishi haina la kufanya. Hiyo itapigwa rangi upya. Aliyesema kingo zifungwe tepu kabla ya mashine, Mungu akubariki, zote zimebaki salama.