Mbalanga mikononi: losheni ya kutia rangi, faundesheni au hina?

Zuhra_Ujiji
Habari zenu wakuu. Nina mbalanga nyuma ya viganja na kwenye vifundo vya miguu. Hospitali walishanipima wakathibitisha ni vitiligo, kwa hiyo hapa sitafuti dawa, naulizia namna ya kufunika. Nauza dagaa Kibirizi, huku Kigoma, na wapo wateja wanaosita kupokea chenji mkononi mwangu. Inauma. Mezani nina vitatu: faundesheni, hina, na ile losheni ambayo Wazungu hujipaka waonekane wamepigwa na jua. Ipi inafanana na ngozi kweli na haitoki nikishika maji? Tuna harusi ya mdogo wangu mwezi ujao.

FundiUrembo_Mwanga
Pole dada. Mimi napamba maharusi. Uzuri wa faundesheni ni kwamba rangi unaichagua mwenyewe: unachanganya mbili mpaka ikae na ngozi yako, unagongagonga kwa sponji bila kusugua, halafu poda juu. Kwa siku ya harusi hakuna kinachoishinda. Ila kwa kazi ya dagaa, joto hili na maji, saa nne asubuhi imeshahamia kwenye kanga.
Hina achana nayo. Baka jeupe litageuka baka jekundu, watu ndio watatazama zaidi. Na piko nyeusi usiiguse kabisa. Nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na nimeona bibi harusi akivimba malengelenge mikono yote miwili.

Nesi_Isevya
Nipo Tabora, natoa mchango kuhusu losheni maana wengi hawajui inavyofanya kazi. Tazama kwenye kopo kama imeandikwa DHA. Hiyo ni aina ya sukari. Ikikutana na protini za ngozi ya juu kabisa, ile iliyokwisha kufa, inageuka kahawia, sawa na mkate unavyobadilika rangi tanurini. Haihitaji melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ndiyo maana hata baka la mbalanga linashika. Rangi huanza kuonekana baada ya saa 2 hadi 4 na huendelea kukolea mpaka kesho yake. Maji hayaiondoi, inatoka kadiri ngozi inavyojichubua, kama siku 5 hadi 7. Mikononi hufifia mapema zaidi kwa sababu ya kunawa.
Jambo moja naomba ulishike, mdogo wangu: rangi hiyo haizuii jua. Baka litaungua vilevile. Juu yake paka mafuta ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao kwa ajili ya watu wenye ualbino, hivyo ujuzi huo upo hapa hapa nchini.

Kaka_Gungu
Naitumia miguuni, nacheza mpira. Ukweli wake: kama wewe ni mweusi kama mimi, mkono mmoja wa losheni hautoshi. Linatoka baka la rangi ya chai ya maziwa, lina unjano kidogo. Narudia kesho yake mpaka likaribie. Kufanana kabisa halifanani, ila mtu aliyesimama hatua mbili haoni kitu.
Siri ipo kwenye ukingo. Napaka kwa vijiti vya pamba vya masikioni, ndani ya baka tu, naishia kabla kidogo ya mpaka. Ukivuka, ngozi nzima pembeni inakolea na baka linabaki na pete. Vifundo na magoti hunywa rangi kupita kiasi, kwa hiyo nasugua kwanza kwa dodoki, nakausha vizuri, nusu ya kiasi inatosha. Halafu ina harufu, jiandae.

Mama_Mwandiga
Mwanangu, huku tunapaka mise, mafuta ya kokwa za mchikichi. Ngozi inakuwa laini, na nasikia hata rangi inarudi.

Nesi_Isevya
Shikamoo mama. Mise inalainisha kweli, ila rangi hairudishi. Na Zuhra asipake kabla ya losheni, mafuta yatazuia rangi isishike sawasawa. Apake siku nyingine, ngozi kavu humwaga rangi kwa mabakabaka.
Kwa wanaosoma kimya: mbalanga haiambukizi, si kwa mkono wala kwa chenji. Lakini baka lenye ganzi, ambalo ukiligusa husikii chochote, nenda kapime ukoma. Dawa zake ni bure.

Mpitanjia_Katubuka
Mbona usiache wazi tu? Winnie Harlow wa Kanada ana vitiligo na ni mwanamitindo mkubwa.

Zuhra_Ujiji
Namheshimu sana dada yule. Siku nikitaka kuacha wazi nitaacha, ila uamuzi huo niuchague mimi, nisisukumwe na mteja. Asanteni wote. Basi losheni kwa mikono ya kila siku, na siku ya harusi nitamfuata FundiUrembo. Nianzie wapi?

Kaka_Gungu
Anza na baka la kifundoni, moja tu, usiku baada ya kuoga, na usubiri siku nzima uone kama linawasha. Mikononi paka jioni kazi ikiisha, maana saa za mwanzo hutakiwi kulowa wala kutoka jasho. Viganja vya ndani vioshe papo hapo kwa sabuni. Na shuka usitandike jeupe.