Sheria pamoja na Kifaransa: mjomba anasema ni mzigo usio na mnunuzi

Binti wa Kimara
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HLF (Historia, Kiingereza na Kifaransa), na nimeomba kusoma shahada ya sheria hapa hapa Dar es Salaam. Kifaransa sitaki kukiacha, lakini mjomba wangu, ambaye ni wakili, ananiambia kwamba mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza, hivyo nitakuwa nimebeba mzigo usio na mnunuzi. Je, yupo aliyesoma vyote viwili, na vilimfaa katika kazi gani hasa?

Wakili wa Upanga
Marahaba, binti. Mjomba wako anasema kweli ukiwa mahakamani Kisutu, ila ukiteremka hadi bandarini mambo ni mengine. Mizigo ya Kongo inapita hapa, na mteja wa Lubumbashi mara nyingi huja na mkataba wa Kifaransa ulioandikwa kwa kufuata sheria za OHADA, umoja wa sheria za biashara ulioundwa kwa mkataba wa mwaka 1993, wenye nchi wanachama 17, ambao Kongo hiyo ya Kinshasa ilijiunga nao mwaka 2012. Mwaka 2022 ikaingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, Kifaransa cha shuleni hakitoshi. Nilipoanza kazi nilitafsiri neno "magistrat" kuwa hakimu, kama huyu wetu wa mahakama ya mwanzo, kumbe aliyetajwa alikuwa mwendesha mashtaka, kwa kuwa Wafaransa hutumia neno hilo kwa majaji na waendesha mashtaka pia. Mkuu wangu alilizungushia kalamu nyekundu na kunirudishia kurasa zote 14. Vivyo hivyo "notaire" si wakili wa kugonga muhuri kwenye kiapo. Ni ofisa anayeandaa hati za mauzo ya nyumba na za mirathi, na hati yake ni ushahidi mzito mahakamani. Kwa hiyo usijifunze msamiati peke yake, jifunze na mfumo wa sheria uliouzaa.

Mzee wa Sinza
Mwaka wa kwanza wa sheria una kusoma kwingi mno. Binafsi ningemshauri atulie kwanza kwenye sheria ya mikataba na ya katiba, Kifaransa kikae jioni mbili kwa wiki pale Alliance Française.

Wakili wa Upanga
Naafikiana na Mzee, mradi jioni hizo zisikatike.

Binti wa Kimara
Nashukuru sana. Je, nianze kusoma nini bila gharama?

Wakili wa Upanga
Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, hutoa hukumu kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Pakua ile ya Juni 2013 ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, uweke nakala mbili kando kwa kando, kisha utafute "État défendeur", yaani nchi inayoshtakiwa, ni nani. Ni Tanzania. Mwoneshe na mjomba.