Honda CG125 ya zamani inagonga baada ya injini kufungwa upya

Mrithi wa Pikipiki

Ndugu zangu, ninaomba msaada wa mawazo. Nina Honda CG125 ya mwaka 1979, ile ya platini (swichi ya mitambo inayosimamia cheche), niliyoachiwa na mjomba wangu baada ya kukaa stoo kwa muda mrefu. Injini imefunguliwa yote: silinda imekerezwa na kuwekewa pistoni iliyozidi ukubwa kwa 0.50 mm pamoja na ringi zake, valvu zimesagwa, beringi za kranki (mhimili mkuu wa injini) ni mpya, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imewekewa beringi mpya ya chini kwa fundi mwenye presi. Tapeti (nafasi za valvu) nimezipima injini ikiwa baridi na kuziweka 0.08 mm zote mbili.

Inawaka kwa kiki ya kwanza na haitoi moshi, lakini ikishapata moto unasikika mlio mzito wa ko-ko-ko kutoka chini, hasa ikiwa inanguruma taratibu bila gesi. Nikiongeza gesi kidogo mlio unapungua, na nikikamata klachi haubadiliki. Juu yake kuna mlio mwingine mwembamba wa ti-ti-ti. Oili ni mpya na ipo kwenye kiwango chake. Fundi wangu anasema ni ugeni wa vyuma na kwamba utaisha nikiendesha. Je, niendeshe?

Fundi Mstaafu

Usiendeshe kwanza. Chuma kipya hukaza na hupata joto zaidi ya kawaida, lakini hakigongi, na mlio mzito wa chini usiojulikana chanzo chake unaweza kukugharimu kranki yote uliyokwisha kuilipia.

Umefanya vyema kueleza kwamba klachi haibadilishi kitu, kwa sababu mlio wa kikapu cha klachi au wa gia kubwa iliyolegea kwa kawaida hubadilika lever inapokamatwa. Sasa chukua bisibisi ndefu, weka mpini wake kwenye mfupa wa karibu na sikio na ncha yake kwenye injini, kisha sikiliza hedi, katikati ya silinda, kifuniko cha klachi na kifuniko cha sumaku (gurudumu zito la umeme kwenye ncha ya kranki), ukijihadhari na ekzosi. Sauti husafiri ndani ya aluminiamu na kukudanganya, kwa hiyo usiamini sehemu moja kabla hujazilinganisha zote.

Jambo jingine la kusikiliza ni mapigo. Kemu (mhimili unaofungua valvu) huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa valvu huwa nusu ya mwendo wa kranki, wakati mlio wa pistoni, wa konrodi au wa sumaku hufuata kranki yenyewe. Kwa mwendo wa taratibu wa mizunguko kama 1,300 kwa dakika huwezi kuhesabu, ila ukiwa na milio miwili kwa pamoja kama ulivyo, utatambua upi ni wa haraka na upi ni wa polepole.

Mkereza Vyuma

Nizungumzie silinda, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Pistoni iliyolegea hugonga zaidi injini ikiwa baridi, na ikipanuka kwa joto mlio hupungua au kuisha. Wako unafanya kinyume, kwa hiyo silinda siishuku sana. Hata hivyo, siku ukifungua hedi kwa sababu nyingine yoyote, hakikisha kwamba alama ya IN juu ya pistoni inatazama upande wa kabureta, kwa kuwa tundu la pini halipo katikati kabisa na pistoni iliyogeuzwa hupiga ukuta wa silinda hata kama vipimo ni sahihi.

Kuhusu konrodi, usitishwe na kuchezacheza kwa pembeni, kwani nafasi hiyo imewekwa makusudi. Kinachokatazwa ni kucheza juu na chini. Ondoa silinda, weka pistoni karibu na kilele chake, shika konrodi na uivute wima: ukisikia hata tiki ndogo, irudishe kwa mwenye presi. Lakini hiyo ni kazi kubwa, na kabla ya kuifanya ningefungua kifuniko cha sumaku, ambacho ni boliti chache tu. Sumaku iliyolegea kwenye kranki hutoa mlio unaofanana sana na wa konrodi iliyokufa, na nimeona watu wakinunua kranki nzima bila sababu.

Bi Pushirodi

Naunga mkono hoja ya sumaku, na sababu ni hii: injini ya silinda moja haizunguki kwa mwendo mmoja ikiwa taratibu, bali husukumwa kwa nguvu mafuta yanapowaka na kukawia inapobana hewa. Sumaku ni nzito na inataka kuendelea na mwendo wake, kwa hiyo ikilegea inagonga ufunguo wake, yaani kipande kidogo cha chuma kinachoishika mahali pake kwenye kranki, kwenda na kurudi. Ukiongeza gesi, mwendo unalingana na mlio unafifia, jambo ulilolieleza wewe mwenyewe.

Kuhusu ule mlio mwembamba, CG haina taimingi cheni (cheni ya kuzungusha kemu), kwa hiyo asije mtu akakuuzia cheni wala kikazio chake. Kemu yake ina jicho moja tu linaloinua valvu zote mbili kupitia pushi rodi (fimbo za kusukuma). Tazama ncha za roka (mikono inayobonyeza valvu): zikiwa zimechimbika, fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) hukaa juu ya kishimo bila kukifikia, ikasoma 0.08 wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi. Pia pitisha maji ya sabuni kwenye kiungo cha ekzosi na hedi injini ikiwa baridi, kisha iwashe. Gasketi inayovuja pale hutoa ti-ti-ti ambayo wengi huidhania tapeti.

Mrithi wa Pikipiki

Nimesikiliza kwa bisibisi na mlio mzito ulikuwa mkali zaidi kwenye kifuniko cha sumaku. Nilipokifungua, nati ilizunguka kwa spana bila nguvu yoyote, na ufunguo ulikuwa umeliwa upande mmoja. Mlio mwembamba ni gasketi ya ekzosi, kwani mapovu yalionekana mara moja. Je, nikiweka ufunguo mpya na kukaza inatosha?

Mkereza Vyuma

Haitoshi kabla ya kukagua ncha ya kranki inayobeba sumaku. Kinachobeba sumaku ni ule mteremko wa chuma kushikana na tundu la sumaku. Ufunguo kazi yake ni kuiweka mahali pake ili majira ya cheche yasihame. Futa oili yote pande zote mbili, paka wino kwenye mteremko, ingiza sumaku bila ufunguo na uizungushe kidogo. Wino ukigusa eneo kubwa, weka ufunguo mpya na ukaze kwa kipimo cha kitabu. Ukigusa ukingo tu, sumaku na kranki visagwe pamoja kwanza kwa unga wa kusagia valvu, kisha visafishwe kabisa. Ufunguo wa injini za Kichina zilizonakiliwa kutoka CG unaweza kuingia, ila upime na mfereji wako kabla ya kulipa. Ukimaliza, pima upya majira ya platini, kwa sababu yale uliyoyaweka yalipimwa sumaku ikiwa imelegea.