Wakili mweusi Uingereza: nijiunge na chama au ninyamaze?

Neema_L: Wadau, niko mafunzoni uwakili hapa London. Juzi nimefika mahakamani na faili mkononi, karani akanielekeza wanakokaa washtakiwa. Aliomba radhi. Kinachoniuma zaidi ni wenzangu waliokuwepo: hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nataka kujiunga na Society of Black Lawyers, chama cha mawakili weusi, ila naogopa kuonekana msumbufu kabla sijapata ajira. Mnanishauri nini?

KakaSheria: Pole sana dada. Jiunge. Linda Dobbs alipoteuliwa 2004 ndiye alikuwa jaji wa kwanza asiye mzungu katika Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales. 2004, jamani! Haya mambo hayasogei yenyewe. Mimi vyama hivi vilinisaidia sana kwenye usaili: mawakili wakongwe walinipitishia fomu mstari kwa mstari, wakanihoji kwa mazoezi mpaka sauti ikaacha kutetemeka.

Mama Zu: Andika tukio leo hii: tarehe, chumba cha mahakama, maneno yenyewe. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza pia kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamikia ubaguzi.

Neema_L: Asanteni mno. Nimeshaandika yote. Fomu ya chama naijaza usiku huu.