Mrejesho: Siku 5 Lisbon na mke wangu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama siku 5 zinatutosha mimi na mke wangu kuiona Lisbon, Ureno, bila kukimbizana. Wengi mlishauri tupange jambo moja tu kwa siku. Asanteni sana, mlitusaidia kweli.

Alfama, mtaa wa zamani wa Lisbon, tuliurudia mara tatu. Ni vichochoro na ngazi, nguo zimeanikwa madirishani, na mke wangu alisema kila kona inamkumbusha Mji Mkongwe. Mtaa huo ulinusurika kwa sehemu kubwa tetemeko la ardhi la 1755 lililobomoa sehemu kubwa ya mji. Kule chini, Baixa, barabara zimenyooka kwa sababu palijengwa upya baada ya tetemeko hilo. Tramu namba 28 ilijaa mno, tukapanda vilima kwa miguu, pole pole.

Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, ndiko nilikoguswa zaidi. Ndani ya kanisa la Jerónimos lipo kaburi la Vasco da Gama. Nilisimama pale kitambo. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na miaka 7 tu baadaye Wareno wenzake wakazipora Kilwa na Mombasa. Picha sikupiga. Mke wangu alinishika mkono, tukatoka kimya.

Jioni tulivuka mto Tejo kwa kivuko hadi Cacilhas, tukala samaki wa kuchoma tukiutazama mji ng'ambo.

Na yule aliyeuliza kuhusu viatu: beba vyenye soli isiyoteleza. Yale mawe ya njiani, mvua ikinyesha, ni hatari.