Kumshauri mtu wa asasi ya nyumbani kwa mtandao: niahidi nini?

Kutoka: Mama Kulwa, Leicester

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naomba uzoefu wenu.

Kuna asasi ndogo Kigoma inayohangaika na wasichana walioacha shule. Fedha zao nyingi zilitoka Marekani kupitia shirika kubwa la Dar. Tangu USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, lifungwe mwaka 2025 wamebaki wachache ofisini. Mkurugenzi wao, tunayefahamiana kwa upande wa mume wangu, ameniomba niwe mshauri wa ofisa miradi wake. Kijana ana shahada na ana bidii, ila bosi aliyekuwa akimwelekeza kazi amepunguzwa.

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi za NGO, kuandika maandiko ya miradi ya kuombea fedha na kufuatilia. Sasa nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee, zamu za usiku. Nataka kukubali. Naogopa kuahidi nisichokiweza, na naogopa zaidi kugeuzwa mfadhili. Halafu visa yangu ni ile ya Health and Care, ya wafanyakazi wa afya na matunzo. Inaruhusu?

---

Kutoka: Mjomba wa Scarborough, Toronto

Mama Kulwa, salaam. Nianze na jepesi. Visa yako inaruhusu kazi ya kujitolea, tovuti ya serikali ya Uingereza imeandika wazi. Ila iwe kujitolea kweli. Wakikuambia kuna kiposho kwenye bajeti ya mradi, kishukuru na ukikatae.

Sasa penye uzito. Usikubali "kuwa mshauri". Kubali kazi moja yenye mwisho. Mimi ni mhasibu, nimekaa na mtunza hesabu wa kikundi cha akina mama Tabora, na makubaliano yetu yalikuwa haya: ndani ya miezi mitatu aweze kutoa mwenyewe taarifa ya mwezi inayolinganisha bajeti na matumizi, kila senti na stakabadhi yake. Basi. Mambo ya bodi, ya kutafuta wafadhili, ya ugomvi wa ofisini, hayakuwamo. Kwa kijana wako labda iwe andiko moja la mradi, tangu wazo mpaka bajeti.

Na hilo andiko usimwandikie! Najua itakuuma, maana wewe utalimaliza kwa siku mbili za mapumziko na yeye atahangaika mwezi. Lakini mfadhili akipiga simu kuuliza kwa nini wasichana ni wa kata hizi na si zile, au usafiri wa kwenda vijijini umekadiriwaje, atakayejibu ni yeye. Nauli ya bodaboda ya Kigoma wewe huijui tena. Kazi yako ni kumuuliza maswali hayo mapema, kabla hajaulizwa na mwenye hela.

Utaratibu uliotufaa: kikao kila baada ya wiki mbili, na katikati ujumbe wa sauti WhatsApp. Zoom ya bure inakata dakika 40, na kwangu hiyo ni neema, maana sisi tukiachiwa tutaanza na hali ya hewa na wagonjwa wa pande zote mbili. Siku moja kabla, anatuma ukurasa alioufanyia kazi. Asipotuma, kikao hakuna, na hakuna kugombana. Faili mtumiane kama faili la kawaida. Jedwali la kuhariri pamoja mtandaoni linakula bando na linagandaganda intaneti ikiwa dhaifu.

Saa muandike ya nyumbani tu. Kule saa hazibadiliki, sisi ndio tunaosogeza. Wewe una tofauti ya saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, mimi nane na saba. Halafu Machi sisi wa Amerika Kaskazini tunasogeza Jumapili ya pili, nyie wa Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo wenye vikao vya watu watatu, wiki hizo ni vurugu tupu.

Kuhusu hela: iseme kikao cha kwanza, mkurugenzi akiwepo, kisha itume kwa maandishi. "Sitachangia fedha na sitamtafuta mfadhili kwa niaba yenu." Inaonekana kama ukosefu wa adabu. Ukiiacha mpaka uombwe ndipo inakuwa ukosefu wa adabu kweli. Na bando walipe wao.

---

Kutoka: Mdogo wenu, Mwanza

Shikamooni wakubwa. Kwenye kundi hili niliingizwa na shangazi aliyeko Uholanzi, huwa nasoma tu. Leo naomba niseme, kwa sababu mimi ndiye huyo kijana, ingawa si wa Kigoma.

Mjomba, nakubaliana na mengi, ila la bando hapana. "Walipe wao" maana yake nalipa mimi. Asasi ikiwa haina mshahara wa miezi miwili, haina bajeti ya intaneti ya kikao na Toronto. Sisemi mshauri alipe. Aulize tu. Wangu aliuliza, tukaamua sauti bila video, na umeme ukikatika tunamalizia kwa ujumbe wa sauti.

Dada Mama Kulwa, mkurugenzi awepo kikao cha kwanza, halafu atoke. Akiwepo sisemi kitu. Nitakaa nimenyooka nikiitikia "ndiyo mama" mpaka dakika 40 ziishe. Na akikupigia pembeni kuuliza kijana anaendeleaje, mwambie akamuulize kijana. Mwenzangu mmoja alimwambia mshauri wake kwamba hajawahi kuona bajeti nzima ya mradi anaousimamia, wiki ileile habari ikamfikia bosi. Hawajaonana tena kwa Zoom.

Jambo la mwisho. Tukisema "sawa, nimeelewa", msituamini sana. Mtu mzima amekesha kazini halafu anakaa kukufundisha, utamwambiaje hujaelewa? Wangu huwa anasema: "Haya, nieleze mimi kama mjumbe wa bodi ambaye hakusoma karatasi." Hapo ndipo ninapojua kama nimeelewa.

---

Kutoka: Baba Njeri, Minneapolis

Huyo wa Mwanza apewe kazi.

Naongeza mawili. Tuliotoka zamani, tusishauri mambo ya sheria. Kwetu Kenya ile sheria ya NGO ya 1990 imekwisha. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika 14 Mei 2024, na mashirika ya zamani yakatakiwa yajisajili upya chini yake. Mtu aliyehama 2009 atampoteza mwenzake akidhani anamsaidia. Tanzania nako kanuni za NGO za 2018 na mabadiliko ya sheria ya 2019 yaligeuza mengi, mikataba ya fedha kubwa inapelekwa kwa Msajili wa NGO. Mambo hayo kijana ayaulize kwa asasi jirani iliyopita njia hiyo mwaka huu. Ukiweza, mshawishi awe na mtu wa pili hapohapo mkoani.

La pili ni majina ya wasichana. Mama Kulwa, usipokee orodha ya walengwa, wala picha, wala fomu zilizojazwa, hata kama anakuonyesha tu namna wanavyokusanya takwimu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania imepitisha yake 2022, na wewe uko Uingereza penye sheria yake. Mwambie atume fomu tupu. Orodha ya wasichana walioacha shule, na pengine sababu zake, haina kazi kwenye simu ya mtu aliyeko Leicester.

Na asasi yoyote inayoomba fedha za serikali ya Marekani itaambiwa iwe na UEI, namba ya kuitambulisha asasi. Inapatikana SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo, bure. Mtu akitaka dola mia kadhaa "kuwasaidia" kuipata, mkimbieni.

---

Kutoka: Mama Kulwa, Leicester

Asanteni sana, na wewe mdogo wangu wa Mwanza hasa. Nimemwandikia mkurugenzi hivi:

"Nitakaa na kijana wako kwa andiko moja la mradi, miezi mitatu, kila wiki mbili siku yangu ya mapumziko, saa tano asubuhi ya Kigoma. Tutakayozungumza yatabaki kwetu. Maendeleo yake atakueleza mwenyewe. Fedha sitachangia wala kutafuta. Majina ya wasichana yasitumwe."

Amejibu "Sawa dada, Mungu akubariki", kisha akauliza kama nafahamu kanisa lolote hapa linalosaidia miradi. Nimemrudisha kwenye sentensi ya nne.

Mjomba, una ile karatasi ya kulinganisha bajeti na matumizi, ya shilingi, isiyo na fomula nyingi?

---

Kutoka: Mjomba wa Scarborough, Toronto

Nimekutumia pembeni. Safu ya mwisho ni ya maelezo, usiifute, ndiyo watakayoisoma wafadhili.