Gitaa la besi chakavu: nilifufue au nilitundike ukutani?

Mwanagenzi:
Wakuu, salamu. Nimepewa gitaa la besi la nyuzi 4, limelala stoo miaka mingi. Hata likiwa jipya lilikuwa la bei ya chini, na jina kwenye kichwa limeshafutika. Nyuzi zina kutu, ukipitisha vidole vinatoka vyeusi. Kitufe cha sauti kinakwaruza kama mtu anatembea juu ya changarawe. Jeki (tundu la kuchomekea waya) inalegalega, mpaka ushike waya ndipo sauti itoke. Na nyuzi zimeinuka mno: kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukingama shingoni) penseli inapita chini yake! Rafiki yangu anayepiga bendi aliliangalia akacheka, akasema nilitundike ukutani. Mimi ndiyo kwanza najifunza. Nilifufue, au nidunduize ninunue jingine?

Uzi Mnene:
Mkuu, usinunue hata skrubu kabla hujajua hali ya shingo. Mengine yote yanatibika.

Nyuzi 4 za besi zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70 hadi 80. Shingo inabebeshwa mzigo huo stoo miaka yote, lazima ipinde. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja. Hapo uzi umekuwa rula. (Huku juu weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, maana mkono wa tatu hatuna.) Chungulia freti ya 7 au 8. Pakipita kadi nyembamba tu, shukuru. Pakipita sarafu, imepinda.

Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha, nati yake iko kichwani au pale shingo inapoungana na mwili. Legeza nyuzi kidogo, zungusha nati kulia robo mzunguko, basi. Kaza nyuzi, lala, pima asubuhi. Nati ikigoma, usitumie nguvu. Chuma kikikatika humo ndani, hilo gitaa ni la ukutani kweli.

Kidole Gumba:
Rafiki huyo ana roho ngumu 😂

Waya Mwekundu:
Umeme usikutishe. Kitufe kinachokwaruza ni vumbi: pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kizungushe huku na huku mara thelathini. Jeki, fungua kifuniko uishike kwa ndani ndipo ukaze nati. Mimi nilikaza kwa nje tu, jeki yote ikazunguka ikakata waya, nikashinda jioni nzima na pasi ya kulehemu. Ukiwa na mita, chomeka waya, fungua sauti yote, pima ohm kwenye ncha. Kama gitaa halitumii betri na mita inasoma kilo-ohm kadhaa, pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) ni nzima.

Sauti Nzito:
Naomba nitofautiane nanyi. Anataka kupiga au kutengeneza? Mimi nilianza hivi hivi. Miezi minne ya msasa na rangi, gitaa likang'aa, na besi sijui kupiga mpaka leo.

Mwanagenzi:
@Sauti Nzito umenigusa. Rangi siigusi.

Mrejesho: sarafu ilipita. Nati ilikuwa ngumu, ikakubali. Robo ya kwanza, nikalala. Robo ya pili, nikalala. Sasa inapita kadi tu. Nimeteremsha na vijiti vya daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, penseli haipiti tena. Jeki imetulia. Kuna jambo moja: skrubu moja kati ya 4 zinazoshika shingo inazunguka tu, haikamati.

Uzi Mnene:
Tundu limepanuka. Toa skrubu, jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, kata vinavyochomoza, acha mpaka kesho. Legeza nyuzi kwanza! Kisha nunua nyuzi mpya, hizo za kutu zitakula freti.

Mwanagenzi:
Vijiti vimeshaingia, gundi inakauka. Rafiki yangu sijamwambia bado.